Saini Niliyomkatalia Dada Yangu

Mkutano wetu wa mwisho kabla ya uchaguzi ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya trela zilizokuwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka. Mimi nilikuwa katibu wa chama cha upinzani katika wadi yetu ya Malaba, na bado ni mimi katibu, msinione hivi. Nilisimama juu ya gari la vipaza sauti nikautazama ule umati, nikajiambia, mama, leo umemaliza kazi. Mwenyekiti wetu, wakala wa forodha mwenye sauti ya kuamsha mji mzima, aliniinamia sikioni akasema, "Katibu, hawa jamaa tunawabwaga saa nne asubuhi."

Mbele ya wote alikuwa dada yangu mkubwa. Alivaa fulana mbili za chama, moja juu ya nyingine, eti ya pili ni ya kesho. Ndiye aliyeongoza nyimbo. Dada yangu akiimba, hata aliyekuja mjini kununua chumvi hujikuta anaitikia. Mgombea wetu alipopanda jukwaani, dada ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na umati wote ukamfuata.

Kura zilipohesabiwa tulichapwa kama burukenge.

Mwenyekiti alisema tumeibiwa. Nami nilisema tumeibiwa, tena kwa uchungu, kwa sababu ule umati niliuona kwa macho yangu haya. Kwa wiki mbili nilimweleza habari ya wizi kila aliyekuja kununua mahindi kwangu, na kama hakutaka kusikia nilimpimia polepole mpaka asikie.

Mimi na dada tunauza nafaka katika soko la hapo mpakani, safu ya tatu, karibu na lango. Turubai letu ni moja, na tumelitandika pamoja tangu watoto wangu hawajaanza shule. Yeye aliolewa ng'ambo, upande wa Tororo, akiwa bado hajafikisha umri wa kuchukua kitambulisho, na alipoufikisha alichukua cha huko. Mumewe alikufa zamani. Kila asubuhi anavuka na maharage na njugu zake, jioni anarudi kwake. Husema lile turubai ndilo mume wake siku hizi, tofauti ni kwamba halilalamiki.

Basi siku moja nikiwa katikati ya hotuba yangu ya wizi, dada aliweka chini gorogoro, kile kibati tunachopimia nafaka, akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Kwani wewe ulidhani wale watu wote ni wenu?"

"Wa nani basi?"

"Banange! Nusu yao tulivuka pamoja asubuhi. Mimi mwenyewe ndiye niliwaambia kuna muziki na fulana."

"Dada!"

"Nini? Si ulisema tulete watu? Nikaleta."

Nikamuuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Na wewe, ulipiga kura?"

"Ningepigia wapi? Kwa turubai?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha hasira ikanipanda, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia mimi mwenyewe. Nilijua. Maisha yangu yote nilijua kwamba dada yangu hana kura huku, na bado nilimhesabu. Mtu kutoka mbali angeuliza, hawa ni wakazi wa wapi? Sisi wa mpakani hatuulizi. Tunavuka kwa harusi, tunavuka kwa matanga, tunavuka kwa chungu cha pombe, na mtu akija kwako unaona mtoto wa shangazi, huoni raia wa nchi jirani. Ndiyo raha ya kuishi hapa. Lakini ukiwa unahesabu kura, hiyo raha inakumaliza.

Nilikwenda kumwambia mwenyekiti. Alikataa kusikia. "Hayo maneno usiyaseme mbele ya watu," aliniambia, akafunga mlango wa ofisi yake ingawa hakukuwa na mtu nje. Niliyaweka moyoni. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini umati, na nikiona mkutano umejaa swali langu la kwanza ni, wangapi wanalala huku?

Mwaka uliofuata lilikuja tangazo. Lilibandikwa kwenye ukuta wa choo cha soko, mahali ambapo mtu hasimami kusoma. Lilisema uwanja wa soko utageuzwa kuwa maegesho ya trela, na wafanyabiashara watahamishiwa ndani, njia ya kwenda Chakol, kwenye kiwanja kipya. Mwakilishi wetu wa wadi, mtu wa chama tawala, alikuwa tayari anauita mpango huo maendeleo. Alipoulizwa na watu wa redio juu ya malalamiko yetu, alijibu kwa sauti ile yake tamu kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Kwetu sisi tuliobaki upande huu, kuhamishwa kulikuwa shida kubwa. Kwa dada yangu kulikuwa mwisho. Yeye anaishi kwa soko lililo karibu na mpaka. Ukilisogeza ndani, nauli ya boda itakula maharage yote kabla hayajafika, na hata akifika, atarudi saa ngapi? Alilisoma lile tangazo kwa kidole, neno kwa neno, kisha akaniuliza, "Sasa mimi nitaenda wapi?" Nikamwambia, "Huendi popote." Nilisema kwa kujiamini sana. Ukisema hivyo kwa dada yako, umejifunga.

Tulikutana katika ofisi ya mwenyekiti, viongozi wa chama wote wa wadi. Mwenyekiti alikuwa ameshapanga. "Tunafunga barabara," alisema. "Tunachoma tairi. Trela zisimame kutoka hapa mpaka Eldoret! Watatujua sisi ni nani."

Watu wakapiga meza. Nikangoja wamalize.

"Mara ya mwisho tulipochoma tairi," nikasema, "vibanda vya nani viliangushwa?"

Kila mtu alikumbuka. Moshi wa kutoa machozi ulituingia sisi wauzaji, nyanya zilikanyagwa na buti, na yule mheshimiwa wetu wa wadi akapata picha ya kuonyesha kwamba upinzani ni wahuni.

"Sasa katibu unataka tufanye nini? Tuombe?"

"Kuomba pia sikatai. Lakini nataka karatasi."

Nikawaeleza. Sheria inasema kabla ya jambo kama hilo lazima watu watoe maoni, na inasema mwananchi anaweza kupeleka ombi kwa bunge la kaunti na lazima lijibiwe. Hiyo sheria ipo, hatuitumii kwa sababu haina muziki. Kila muuzaji aandike karatasi yake mwenyewe, aseme anapinga na kwa nini, aweke saini, aambatishe fotokopi ya kitambulisho. Watu wa wadi hii tu, wenye kura hapa. Na wale ninaowataka zaidi si wa kwetu.

"Unataka wa nani?" mwenyekiti akauliza.

"Wa kwao. Mwenyekiti, chama tawala hakituogopi sisi tusiokipigia kura. Hesabu yetu wameshaitoa. Kinawaogopa waliokipigia."

"Na kwenye hizo karatasi, nembo ya chama chetu inakaa wapi? Juu au chini?"

"Haimo."

"Haimo?"

"Haimo."

"Hata rangi?"

"Hata rangi."

Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Sasa watu watajuaje kwamba ni sisi tumewapigania?"

"Nani atakuwa amewafuata kibanda kwa kibanda? Wao hawana macho?"

Bado alikuwa anatikisa kichwa. Ndipo nikamshika kwa kazi yake. "Mwenyekiti, wewe ni wakala wa forodha. Umewahi kuvusha kontena kwa kupiga kelele?"

Alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka kwa puani. "Bila stakabadhi, hata sindano haipiti," alisema.

"Basi."

Nilianza na mama wa nyanya, kwa makusudi. Kibanda chake kiko safu yetu ya tatu, hatua chache kutoka kwangu, na katika kampeni alinitukana mbele ya wateja wangu, nami nikamrudishia na nyongeza. Bado alikuwa akivaa fulana ya chama tawala kila Jumamosi ili niione.

"Wewe," akasema aliponiona na karatasi, "si ulisema chama changu ni cha wezi?"

"Nilisema, na bado nasema. Lakini leo sikuja na chama. Nimekuja kukuuliza, hizi nyanya utauzia trela?"

Aliitazama karatasi mbele na nyuma akitafuta nembo yetu. Hakuiona. Akaigeuza tena.

"Hakuna mtego?"

"Mtego uko kwenye ukuta wa choo. Umeusoma?"

Alitia saini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa. Kisha akanipeleka mwenyewe kwa rafiki zake wa kanisani, wote wa chama chake, na kila tulipofika alianza kwa kusema, "Huyu mama simpendi, lakini msikilizeni." Sijawahi kupata kampeni nzuri kama hiyo. Mzee mmoja anayebeba mizigo mpakani kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya wasiotembea, ya kuzungusha kwa mikono, alitia saini akaniambia kwenda Chakol na magunia matatu kwa mikono ni kumwonea hata shetani. Naye alikuwa wa kwao. Mwenye duka la fotokopi, Mwislamu mpole aliyezoea kunakili pasipoti za madereva, alitunakilia vitambulisho kutwa nzima na hakuuliza chochote, ila mwishoni akaniuliza kama na yeye mwenye duka anaruhusiwa karatasi.

Siku ya tatu, dada alitoka ng'ambo amevaa kitenge chake cha kanisani. Aliketi kwenye turubai, akajifuta kiganja, akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu."

Wanawake wa safu yetu walikuwa wakitazama. Nilikuwa nimejua kwamba saa hii itakuja, na nilikuwa nimeikimbia siku mbili nzima.

"Dada, hapana."

"Hapana nini?"

"Wewe huwezi kutia saini."

Alicheka kwanza. Alidhani ni utani. Akaona sicheki. "Mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni kwenda zahanati? Mimi niliyekufundisha kupima gorogoro mpaka mteja akubali bila kunung'unika?"

"Wewe. Dada, nisikilize. Wakipata jina moja tu la ng'ambo, watazitupa zote. Watasema soko lote ni la wageni."

"Kwa hiyo mimi ni mgeni."

Ningeweza kumkumbatia. Ningeweza kumpeleka kando nikamweleza polepole. Lakini watu walikuwa wanatazama, nami nina huu ulimi wangu.

"Kwa karatasi, ndiyo," nikasema.

Alikunja upande wake wa turubai, akaukunja vizuri kama shuka ya mgonjwa, akainua gunia lake lililokuwa nusu. Alipita langoni bila kugeuka. Kesho yake hakuvuka. Keshokutwa pia.

Niliumia, nasema wazi. Niliuza mahindi yangu nikiwa na nafasi tupu kando yangu, na kila mteja aliniuliza, "Mama wa maharage yuko wapi?" Jioni moja nilichukua karatasi safi nikaandika jina lake juu, nikajiambia, ni moja tu, nani ataiona katikati ya nyingi? Kisha nikaukumbuka ule umati wa juu ya trela. Nikaichana vipande vipande, nikavitia jikoni na ugali ukaivia juu yake. Nilijiambia nikimwandika nitakuwa nimempoteza, yeye pamoja na soko.

Nilizipeleka karatasi mwenyewe kwenye ofisi ya kaunti pale mjini. Karani aliyezipokea alikuwa na haraka. "Acha tu hapo, mama," akasema, akionyesha meza iliyojaa vitu.

"Gonga muhuri kwenye nakala yangu kwanza."

"Si lazima."

"Boss, mimi ni mtu wa mpakani. Sijawahi kuondoka dirishani bila muhuri, na sianzi leo."

Hiyo ni tabia yetu. Hata mama wa ndizi hapa kwetu hawezi kutembea na karatasi isiyogongwa, maana ameshaambiwa mara nyingi kwamba karatasi yake haikufika. Nilivuta kiti, nikatoa njugu, nikaanza kumenya. Alinivumilia kitambo. Maganda yalipoanza kuizunguka meza yake, aligonga muhuri, tarehe na saini yake, akanipa nakala bila kunitazama. Nilimshukuru kwa heshima zote, nikamwachia njugu zilizobaki.

Kikao cha kamati ya bunge la kaunti kilitangazwa kwa ghafla, na kikapangwa siku ya soko kubwa, asubuhi, katika ukumbi wa kanisa. Aliyeipanga siku hiyo alijua anachofanya. Muuzaji gani ataacha bidhaa zake siku ambayo kijiji kizima kinashuka kununua? Nilizunguka jioni ya kuamkia siku hiyo nikisihi. "Mama, nitakuja," waliniambia, "lakini nyanya zangu nani atazikalia?" Nilihesabu waliosema watakuja kweli. Hawakujaza benchi mbili. Mwenyekiti alipiga simu kunikumbusha kwamba tairi bado zipo.

Asubuhi ile nilifika sokoni mapema nikiwa nimekaza meno. Nilikuwa nimetandika turubai nusu tu wakati nilipoona langoni wanawake wanaingia mmoja nyuma ya mwingine, wengi, wa ng'ambo wote, ninaowajua kwa sura. Hakuna aliyebeba mzigo. Hakuna gunia, hakuna kikapu, mikono mitupu. Mbele yao alikuwa dada yangu.

Alinipita mimi akaenda kwa mama wa nyanya kwanza. "Nyabo, bei ni ngapi ngapi?" Mama wa nyanya akamtajia akiwa ameduwaa. Dada akamweka mwanamke mmoja pale. Kibanda cha pili, akaweka mwingine. Alipanga safu nzima, akapanga na safu iliyofuata, kisha akarudi kwangu, akaketi kwenye turubai upande wake.

"Nendeni," akasema. "Tutawauzia."

"Dada, mimi..."

"Si ulisema sisi ni wageni? Wageni hawaingii ukumbini. Wanabaki kuangalia nyumba." Kisha akaongeza, kwa ukali uleule, "Na ukishindwa leo usirudi hapa."

Nililia nikitembea, sikuona haya. Nyuma yangu soko lilikuwa linafanya kazi kama kawaida na wenyewe walikuwa wanafunga leso kwenda kanisani.

Ukumbi ulijaa. Safari hii nilijua kila mmoja analala wapi. Niliketi benchi ya nyuma nikiwa nimemshika mwenyekiti wetu koti, kwa sababu nilimjua. Mheshimiwa aliketi mbele pamoja na wanakamati, suti safi, tabasamu safi. Mwanamke aliyeongoza kamati alifungua kwa kusema kwamba kwa kuwa hakuna pingamizi lolote la maandishi lililopokelewa, kikao kitakuwa kifupi.

Nilisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, lilipokelewa." Nikapeleka nakala yangu mbele. Aliutazama ule muhuri, akautazama tena, akanong'ona na karani wake, karani akatoka mbio. Alirudi na karatasi zetu zote zikiwa na vumbi na, nadhani, ganda moja la njugu.

Hapo mheshimiwa wetu akainua mkono. Sauti ilikuwa ileile tamu. "Ningependa kamati ijue hali ya mpakani. Ninayo habari kwamba walioandika hizi karatasi wengi wao ni raia wa nchi jirani. Ndio wanaojaza mikutano ya hawa wapinzani. Hata uchaguzi uliopita tuliwaona."

Wacha wee! Kwa miezi nilikuwa nimemngoja aseme neno hilo.

Kiongozi wa kamati alivuta karatasi moja katikati ya rundo, bila kuchagua, akasoma jina. Mama wa nyanya akasimama, kitambulisho juu mkononi.

"Niko hapa. Nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, nauza hapa. Na kura yangu, mheshimiwa, nilikupa wewe." Akafungua vifungo vya sweta. Ndani alikuwa na ile fulana ya Jumamosi, yenye uso wa mheshimiwa kifuani. "Si huyu ni wewe? Sasa mimi ni raia wa wapi?"

Ukumbi ulilipuka. Kiongozi wa kamati alivuta nyingine, akasimama mzee wa baiskeli ya mikono, au tuseme aliinua mkono akiwa ameketi kwenye hiyo baiskeli yake mlangoni. Wa chama tawala. Nyingine, mwenye duka la fotokopi. Nyingine, nyingine. Kila jina lilikuwa na mtu, kila mtu alikuwa na kitambulisho, na wengi wao walianza kwa kumkumbusha mheshimiwa kwamba walimpigia kura. Uso wake ulianza kutoa jasho katika ukumbi uliokuwa na baridi. Alikuwa anatazama kura zake mwenyewe zikisimama moja moja.

"Katibu," mwenyekiti wetu alininong'oneza, mwili wote ukimtetemeka, "niache niseme kidogo tu. Kauli mbiu tu."

"Keti."

"Dakika moja."

"Mwenyekiti, nitakuchania hilo koti. Keti."

Aliketi. Ninamheshimu kwa hilo mpaka leo, kwa sababu najua lilimgharimu.

Wiki chache baadaye mpango uliondolewa. Na nani alikuja kutangaza? Mheshimiwa, kwa gari la vipaza sauti, akazunguka soko akisema yeye ndiye aliyepigana usiku na mchana kuliokoa soko la wananchi wake. Mwenyekiti alinipigia simu akiwa haongei bali anapumua tu. Mimi nilikuwa nimesimama pale sokoni nampigia mheshimiwa makofi, tena kwa mikono yote miwili juu.

"Kwa nini?" mwenyekiti alinifokea jioni. "Amekula jasho letu!"

"Mwache ale. Mtu aliyetangaza kwa vipaza sauti kwamba ameokoa soko, kesho atakuja kulivunja kwa mdomo gani? Tumemfanya mlinzi wetu, na hatumlipi."

Alifikiri. Kisha akasema, polepole, "Katibu, wewe ni mtu mbaya." Nilijua ni sifa. Na wale waliofuatwa kibanda kwa kibanda hawakudanganyika na gari la spika. Mama wa nyanya alinijia siku hiyohiyo akaniambia bado hanipendi, lakini anataka kujua mikutano yetu ya chama hufanyika siku gani.

Lakini kushinda nako kuna gharama zake na karatasi zake. Baada ya soko kubaki, walikuja maafisa kulipanga upya. Walikuwa na kamba, rangi nyeupe na daftari. Kila muuzaji nafasi moja, namba moja, jina na kitambulisho. Nani angekataa? Sisi wenyewe ndio tuliotaka maandishi.

Walifika safu ya tatu. Afisa, kijana wa adabu, alipima nafasi yangu, akapaka mstari, akaandika jina langu. Mstari ulipita katikati ya turubai. Upande mmoja mimi na mahindi, upande wa pili dada na maharage.

"Na huyu wa pili?"

"Dada yangu."

"Kitambulisho, mama."

Dada hakunitazama hata mimi, nadhani kwa huruma. Aliinama akaanza kukunja upande wake wa turubai, vilevile kama siku ile, pembe kwa pembe. Nami, katibu, mwenye maneno yote, nilisimama pale mdomo wazi. Karatasi niliyoipigania ilikuwa imekuja kumtoa yeye.

Ndipo niliposikia kreti inaburuzwa. Mama wa nyanya alikuwa amesogeza nyanya zake upande wa lango, hatua moja. Jirani yake akatazama, akasogeza vitunguu, hatua moja. Wa samaki wa omena akasogea, wa mitumba akasogea, safu nzima mpaka langoni, kila mmoja hatua moja, wale wa chama chetu na wale wa chama chao, mpaka kati yangu na wao pakabaki uwazi wa kumtosha mtu mmoja na gunia lake.

Kijana wa adabu aliutazama ule uwazi, akalitazama daftari lake. "Na hapa niandike nini?"

"Andika njia," mama wa nyanya akasema.

"Njia?"

"Kwani watu watapita wapi?"

Akaandika. Nenda ukaitazame ile ramani ofisini, safu ya tatu, baada ya nafasi yangu kuna njia, imechorwa kwa rula. Hakuna mtu aliyewahi kupita hapo.

Dada alilikunjua turubai akalitandika juu ya ile njia, akaketi, akanyoosha miguu.

"Kwa karatasi, basi, mimi ni njia," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alinicheka usoni. "Haya, sogea. Nipe gorogoro, mteja anangoja."